Taarifa Niliyomsahihishia Daw Ohn Yin

Daw Ohn Yin alikuwa fundi cherehani wa mtaa wetu hapa mjini Mawlamyine kwa miaka ishirini na sita. Mwaka niliostaafu ualimu, aliacha kushona. Hapakuwa na msiba. Alikaa tu mbele ya cherehani tangu asubuhi, mguu juu ya kikanyagio, bila kukikanyaga. Daktari alisema ni sonona, akampa vidonge. Mimi nikampeleka akae siku kumi kwenye kituo cha kutafakari cha mtawa mmoja wa Kibudha, ambako nilikuwa nikienda kila mwaka.

Mtawa alimfundisha kukaa akiangalia tumbo linavyopanda na kushuka kwa pumzi, kisha kutembea taratibu mno, akitambua kila unyayo.

"Huzuni ikija usiifukuze," alimwambia. "Itambue, halafu uje unieleze ilivyokuwa."

Wapishi walimtania: "Mwalimu, shoga yako kwa mwendo huo wali ataufikia kesho!" Naye akatabasamu, mara ya kwanza baada ya miezi.

Kila alasiri wanafunzi humpa mtawa taarifa fupi ya walichokiona. Siku ya tatu, kabla ya zamu yake, alinishika mkono.

"Mwalimu, nitamwambiaje? Nikikaa, naona afadhali nisingekuwepo."

"Wewe! Mtawa haambiwi mambo hayo. Sema tumbo limepanda, tumbo limeshuka. Ya nyumbani yaache nyumbani."

"Hata akiuliza?"

"Hata akiuliza."

Nilimsahihisha kama nilivyosahihisha insha kwa miaka thelathini na minne. Nikakaa nyuma yake, nikamsikia akiyasema maneno yangu bila kupunguza hata moja.

Mtawa alimtazama kitambo. "Hakuna kingine?"

"Hakuna, Mtukufu."

Akampongeza, akamwongezea saa za kukaa. Kwa aliyetulia, hiyo ni tuzo. Kwake ilikuwa kufungiwa pamoja na kile alichokiogopa. Siku ya sita alifunga mkoba wake akaondoka bila kuniaga.

Nilipomweleza mtawa ukweli, alisema, "Ningempunguzia kukaa, nimtembeze, na nimrudishe kwa daktari wake. Nilimuuliza, Mwalimu." Hakunilaumu zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata alihamia milima ya Shan.

Daw Ohn Yin yu hai, nashukuru. Daktari alimbadilishia vidonge, na baada ya misimu miwili ya mvua alianza tena kushona, kidogo kidogo. Kila alfajiri hutembea uani hatua zile za taratibu, lakini hana wa kumpelekea taarifa, na kukaa hathubutu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alisikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni, kisha akaitoa.

"Mimi ningekuwa na nguvu za kukubishia siku ile, Mwalimu, nisingekuwa mgonjwa."

Akainama, akaendelea kupinda ukingo wa blauzi.