Kuku Aliyefuata Pingili

Mimi siwezi kukaa mahali pamoja. Nilikuwa Genkuru nikibeba mawe ya dhahabu kwa kibarua, miguu ikaanza kuniwasha, nikaenda Nyambureti kwa dada yangu. Nilimkuta hana utulivu kuliko mimi.

Mihogo yake ya zamani ilimalizwa na batobato: majani yamejikunja, mizizi kama vidole. Akanunua pingili za aina mpya isiyoshika ugonjwa. Muuzaji alimwambia mbegu hiyo ina mwenyewe, mtafiti aliyeizalisha, na sheria inamlinda. Kula, panda tena shambani kwako, ila usiuze. Dada alikubali bila kufikiri. Nani kwetu anauza pingili? Jirani akiomba, unamwonyesha shamba akate mwenyewe. Ukimnyima, watasema shamba nalo litakunyima.

Wa kwanza kuomba alikuwa mjane wa jirani. Alikata mzigo wake akaenda. Jioni akarudi na kuku jike, akamfunga kwenye nguzo ya jiko, akasema ni asante.

"Hii si bei?" dada aliniuliza.

Nilisema ni zawadi. Akajibu kwamba zawadi huja siku yake. Huyu amefuata pingili kama ndama anavyofuata mama yake. Kumrudisha ni kumtukana mjane. Kumchinja aliogopa. Na mvua zilikuwa zimeshaanza, majirani wengine wanangoja, mashamba yao yana batobato ile ile.

Nikashindwa kutulia. Nilipanda bodaboda hadi Mugumu kumtafuta bwana shamba, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Iringa. Shule niliacha darasa la sita, lakini maswali sikuyaacha. Nilimuuliza mpaka chai yake ikapoa. Mwenye mbegu anamiliki mmea au jina lake? Pingili zilizoota kwenye udongo wa dada ni za nani? Alijibu kwa upole: kuhifadhi kwa ajili ya shamba lako ni ruhusa, kuuza bila kibali ni marufuku. Kumpa jirani? Akasema hajawahi kuona mtu akishtakiwa kwa hilo. Na kuku wa asante? Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Kuku sijui, kaka. Itabidi niulize."

Niliporudi, mzee mmoja wa jirani alikuwa amesimama kando ya mihogo, panga mkononi, jogoo kwapani. Nilimwamkia shikamoo. Dada hakungoja hata nikae.

"Wamesemaje?"

"Ya kuku hawajui."

Alitazama mihogo, akamtazama mzee.

"Kata, baba, kata zinazokutosha. Jogoo rudi naye."

Mzee akauliza kama amemkosea.

"Hujanikosea. Mlete siku ambayo hatuna habari ya mihogo."

Mzee akanipa jogoo nimshikie, akainama kukata.