Muhogo Aliouonja Mtafiti

Makala ilinifikia kwa barua pepe, haina jina la mwandishi. Ndivyo majarida ya kitaaluma yanavyofanya: mhariri anaondoa jina, anaituma kwa wapitiaji wawili wasiojuana, nao wanasema ichapwe, irekebishwe au ikataliwe. Mwandishi hajui ni nani kamhukumu. Malipo ya mpitiaji ni ahsante. Mimi nafundisha chuoni Masasi, naishi Mkomaindo, na wahariri wananipenda kwa sababu narudisha kazi kwa wakati na sina huruma.

Makala hii ilihusu mbegu mpya ya muhogo iliyogawiwa vijiji vya Newala. Wakulima wote waliohojiwa waliisifu. Katikati nikakutana na mshiriki mmoja wa Chilangala, mjane, mshonaji wa majoho ya kwaya, aliyesema: "Tangu tupate mbegu hii, njaa tunaisikia redioni." Chilangala ina mshonaji mmoja tu wa majoho ya kwaya. Ndiye aliyenizaa.

Fomu ya mpitiaji inauliza kama, kwa unavyojua, una undugu na mwandishi. Nikajaza hapana. Haiulizi kama una undugu na aliyehojiwa, nami nikajiambia kwamba nisiloulizwa silijibu. Nilijua kabisa kwamba nilipaswa kumwambia mhariri.

Kilichonikera ni sentensi iliyofuata: "Mtafiti mwenyewe aliuonja muhogo huo nyumbani kwa mshiriki na kuthibitisha utamu wake." Mbegu mpya ya mama nilikuwa nimeiona. Ilikuwa mistari miwili kando ya barabara, imepaliliwa ikapalilika, mahali ambapo kila afisa anayepita ataiona bila kushuka garini.

Jumamosi nikapanda Newala. Makala ni siri, kwa hiyo niliiacha nyumbani. Nilikwenda kumjulia hali mama, jambo ambalo hakuna jarida linalolikataza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla?"

Nikamwuliza habari za muhogo mpya.

"Mchungu," akasema. "Hata mbuzi wanaususa."

"Na wageni wa utafiti wakija, mnawaambiaje?"

"Alikuja mtoto wa watu mmoja, amekonda, vumbi hadi kwenye kope. Akaniuliza, mama, mbegu imekusaidia? Sasa mtu ametoka mbali kote huko, nimwambie haijanisaidia? Nilimpikia muhogo na karanga. Akala, akasifu, akaandika."

"Muhogo upi?"

Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Wa kwetu. Wa nyuma ya nyumba. Mgeni unampa kitu kichungu?"

Mama si mjinga.

"Wewe ndiye unayemsahihishia?"

"Siruhusiwi kusema."

"Basi mpe maksi zote. Aliniambia, asipochapishwa mwaka huu hathibitishwi kazini. Ana mke, ana mtoto mchanga."

Nilirudi Mkomaindo nikiwa na hasira. Nilimwonea huruma kijana yule, na nilichukia kumwonea huruma kabla sijaandika. Kama ningempitisha, kuna ofisi ingesoma makala yake na kugawa mbegu chungu vijiji vingine, na huko nako kina mama wenye adabu wangeipanda kando ya barabara. Nikaandika: "Mwandishi athibitishe kwamba muhogo alioonja ulitoka katika mbegu anayoichunguza. Arudi kwa washiriki, na akague mashamba yaliyo nyuma ya nyumba. Marekebisho makubwa."

Mpitiaji mwenzangu alikuwa ameandika kwamba sehemu ya kuonja ni ya kupigiwa mfano. Mhariri akaniuliza shaka yangu ina chanzo gani. Nikamjibu: uzoefu wa eneo. Akaridhika.

Miezi minne baadaye makala ilirudi na matokeo yaliyopinduka kichwa chini. Wakulima walipanda mbegu mpya kwa ajili ya wageni na ya zamani kwa ajili ya kula. Ilikuwa kazi nzuri, nzuri kuliko nyingi za wakubwa wake, nami nikaandika ichapwe. Nilifurahi kweli. Ilichapwa, na kijana, nilivyosikia, akathibitishwa.

Pasaka nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi na cherehani yake, joho jeupe mapajani. Kijana alikuwa amemletea kitenge na nakala ya makala, akamsomea mwenyewe, kwa fahari, hadi mwisho.

"Imeandikwa humu," mama akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "'Mshiriki mmoja alikiri kwamba alimdanganya mtafiti.' Jina hawakuweka. Lakini nani hapa kijijini hajui ni nani?"

"Mama, ni lugha tu ya kitaaluma."

"Mtoto wa watu sina ugomvi naye. Siku aliyorudi alisimama nyuma ya nyumba, akaona mihogo yangu, akaniomba radhi yeye, wakati mwenye aibu ni mimi. Ameniambia kuna mtu, hamjui, ndiye aliyemtuma arudi akachungulie nyuma ya nyumba za watu."

Akazungusha gurudumu la cherehani, akashona kidogo, akaacha.

"Huyo mtu," akasema, "ana mama?"

Nikamwambia anaye.