Nakala Isiyo na Kigugumizi

Siku ya kwanza Fundi Makochi kuingia dukani kwa Mama Nakala hakusema kitu, na Mama Nakala akamhesabu miongoni mwa watu wenye kiburi. Badala ya kusoma bei zilizobandikwa ukutani, aliinama akalikagua benchi la wateja. Akabonyeza kwa kidole pale sponji ilipokuwa ikichungulia kando ya msumari uliochomoza, kisha akatikisa kichwa kama daktari aliyeitwa kwa kuchelewa.

"Shikamoo, mama," akasema binti aliyeingia nyuma yake, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa. "Msamehe baba. Ni kiziwi. Anasema benchi lako linaliaibisha duka."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie benchi langu halijamwomba ushauri."

Binti akayageuza maneno yale kwa vidole. Fundi akachekea puani, akajibu haraka haraka.

"Anasema ndiyo maana ameutoa bure."

Mama Nakala akamtazama upya. Yeye mwenyewe alianza na sinia la kaseti kando ya barabara, akapanda hadi kupata duka lenye kaunta, kompyuta na televisheni ya ukutani. Wenzake walipokimbilia kuuza simu, yeye alibaki na DVD, kwa hesabu rahisi: watu wenye diski za harusi na za marehemu wao wangebaki bila pa kwenda, na asiye na pa kwenda habishani sana juu ya bei. Lakini mtu anayejibu mapigo namna hii, Mama Nakala alijua kabisa, angebishana naye.

Binti akatoa diski iliyofungwa kwenye kitambaa laini. Ilikuwa ya mama yake. Mama huyo, kiziwi na mwalimu wa watoto viziwi, alirekodiwa mwaka mmoja kabla ya kufariki, ameketi kwenye stuli ya jikoni, akisimulia kwa lugha ya alama habari za nyumba yao tangu mwanzo. Hakukuwa na diski nyingine, na hii ilikuwa imeanza kukwama. Sasa binti amepata kazi mbali.

"Mimi siwezi kuondoka bila hii, na baba hakubali nyumba ibaki tupu. Tukiikata katikati hakuna atakayefaidi."

"Basi nakala mbili," akasema Mama Nakala, macho yakiwa tayari kwenye benchi. "Na baba yako ni fundi wa makochi, naona gundi kwenye kucha. Nakala zangu, kitambaa chake."

Fundi aliposikia kwa vidole vya binti yake, alikubali kwa sharti moja: nakala ziwe sawasawa na diski yenyewe, vinginevyo benchi hagusi. Mama Nakala akaitikia bila kufikiri. Kwake kunakili diski kulikuwa kama kuchemsha maji.

Aliitia diski kwenye kompyuta, akafungua programu aliyoizoea miaka yote, ile inayobana diski kubwa, yenye nafasi nyingi, hadi yaliyomo yaenee kwenye ya kawaida. Kisha, kama desturi yake, akaichezesha nakala huku akiwapiga wateja picha za pasipoti, sikio likiwa kwenye spika. Muziki ukitiririka na mshereheshaji asipokatikakatika, nakala ni nzima. Safari hii kulisikika mlango, kiti kikisogezwa, mtu akipumua. Hakuna kilichokatika. Akazitia nakala zote mbili kwenye makasha.

Kesho yake Fundi akaitazama nakala amesimama, mikono nyuma. Haukupita muda akaashiria isimamishwe, akasema kitu kifupi. Binti akainamisha uso.

"Anasema mke wake hakuwa na kigugumizi."

"Kigugumizi cha wapi? Picha si hiyo, safi. Hata kidoti cha shavuni kinaonekana."

"Uso ndiyo, mama. Tazama vidole."

Mama Nakala akatazama. Kila mwanamke yule alipoharakisha, vidole vyake vilishikana, vikawa kama mshumaa ulioyeyuka, kisha vikaachana maneno yakiwa yameshapita.

"Hapa anataja jina langu, herufi moja moja," akasema binti. "Mimi naona ngumi tu."

Hapo Mama Nakala akatambua kuwa miaka yote hiyo alikuwa akikagua picha za watu kwa masikio. Hakulitamka, mfanyabiashara hagawi vitu vya namna hiyo. Akasema diski yenyewe ndiyo imechoka. Fundi, kumkatalia, akaichezesha ile ya asili. Vidole vilikuwa wazi, kila kimoja na kazi yake, mpaka ghafla picha ikaganda, mkono wa mwanamke ukabaki juu. Wakaitoa, wakaipangusa, wakairudisha. Ikaganda mapema zaidi.

Fundi aliitoa diski akaikumbatia kifuani kama anayemwondoa mtoto barabarani.

"Isichezeshwe tena," akasema Mama Nakala, na safari hii hakuwa akiuza. "Tumebakiza kuisoma mara moja. Lazima kwanza tujue kwa programu ipi."

Wakahitaji diski ya kujaribia. Mama Nakala akamkalisha Fundi kwenye benchi lile bovu, akawasha kamera, akamwambia kwa mkono aseme lolote. Binti akatolewa nje asione. Fundi akasema kwa kirefu na kwa raha, akilionyesha benchi mara kwa mara. Video ile ikaandikwa kwenye diski kubwa, na kila programu ikapewa zamu ya kuinakili. Msomaji ni binti.

Programu ya kwanza ilikuwa ya kuonja bure. Ikaandika jina lake katikati ya picha, juu ya mikono ya Fundi.

"Kama mgeni aliyekaa mbele ya televisheni," akasema binti.

Ya pili ilikuwa ya haraka na yenye sifa nyingi kwenye tangazo lake. Picha ilitoka nyororo, inang'aa. Binti akasoma sentensi mbili, akakunja uso. "Baada ya hapo anaongea huku amejaza chakula mdomoni."

Ya tatu haikuwa na uzuri wowote, dirisha moja na vitufe vya kijivu. Haikubana chochote. Ilichukua kila kitu kama kilivyo, ikakihifadhi kwanza kwenye kompyuta, na ilipofika pabaya ilirudi nyuma kujaribu tena na tena. Ilikwenda polepole kama foleni ya ofisini, na ilidai diski tupu kubwa, za bei ghali. Binti akatazama, akaanza kusita.

"Sema tu."

"Anasema bei zako ni za hospitali. Na benchi hili hata kunguni walihama kwa kuona aibu."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno, mama."

"Basi ndiyo hiyo," akasema Mama Nakala, akanyoosha mkono kuipokea diski ya marehemu.

Ilianza vizuri, kisha ikakwama. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ukagoma kusonga kwenye kioo. Mama Nakala aliisikia mashine ikikwaruza, ikinyamaza, ikikwaruza tena, akashukuru kwamba Fundi hasikii. Lakini Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya kompyuta, akiifuata kwa ngozi. Wateja wa picha walichungulia, wakaambiwa warudi kesho. Ghafla Fundi akainua kidole gumba. Sekunde chache baadaye ndipo mstari ukasogea.

Walipoichezesha nakala, walifika pale mkono ulipokuwa umeganda. Mkono ukashuka, ukaandika jina la binti herufi moja moja, ukaendelea na habari zake. Binti akaketi kwenye benchi pale pale penye msumari, asijali. Fundi akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea kama kamba iliyofunguliwa.

"Hapo mama yako anasema nini?" akauliza Mama Nakala.

"Kwamba baba alimtongoza kwa kumtengenezea kiti, na kiti chenyewe kikavunjika."

Fundi akapinga upesi kwa mikono.

"Anasema ulivunjika mguu mmoja tu."

Binti akasafiri na nakala yake. Ya pili inachezeshwa nyumbani kwa Fundi kila anapotaka, na diski ya asili imelazwa kabatini, haiguswi. Mama Nakala alipoteza wateja wa siku nzima, akabeba gharama ya zile diski ghali, akaifuta programu yake ya zamani. Siku hizi hukagua kila nakala kwa macho, na ametundika bango la kusema hivyo, lenye bei mpya. Watu wanalipa.

Benchi lilirudi na kitambaa cha buluu, limekazwa vizuri. Wiki chache baadaye alilivuta ili afagie, akakuta mgongo wake, ule unaoelekea ukutani, umefunikwa kwa gunia. Akasimama na ufagio, akitafuta la kumfanya Fundi. Kisha akakumbuka makasha aliyompa: yalikuwa yametumika, na stika za zamani alizikwangua nusunusu.

Fundi alipopita tena, Mama Nakala alimwonyesha kwa kidole nyuma ya benchi. Fundi akakwangua hewani kwa ukucha, kama mtu anayebandua stika, akaketi. Benchi likambeba bila mlio.