Nafasi Iliyoachwa Kwenye Sinia

Habari ilinikuta sokoni Nizwa nikichagua malimau: rafiki yangu wa Ibra, bibi mmoja mwalimu mstaafu wa historia, amefariki. Wasomaji wangu mnanijua kwa ulimi mrefu, lakini siku ile niliyaacha malimau hapo bila hata kubishana bei. Nilikwenda kukaa garini nikalia mpaka bwana wa gari la pembeni akanigongea kioo kuniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimempoteza mtu wa mwisho wa kubishana naye kwa Kiswahili chetu cha Unguja. Kufika Ibra nilifika, ila sikumbuki njia.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alichukuliwa na maji ya wadi, korongo kavu lifurikalo kwa mvua, kwenye barabara ya Sur, akirudi nyumbani kutoka kazini. Tangu hapo rafiki yangu hakusoma tena ila habari za mwanzo wa ulimwengu. Alisoma za kwetu zote, kisha akaingia za Mayahudi: wanafalsafa wao waliobishana kama ulimwengu uliumbwa pasipo kitu au palikuwa na kitu tangu hapo, halafu wale watu wao wa elimu ya siri. Jirani mmoja alimvamia: "Bibi we, vitabu vya kwetu vimekwisha hata ukaombe kwa Mayahudi?" Akamjibu, "Mimi nina swali. Nabisha hodi kila mlango."

Jawabu alilolipata nililisikia siku moja mchana, nilipokwenda kula kwao. Sinia la wali lilikuwa chini, nikataka kukaa palipo wazi. Binti mdogo, anayeniita khaala, yaani mama mdogo, na aliyekwisha kunipa shikamoo kwa adabu zote, akanishika mkono. "Hapo pa dada, khaala." Nikasogea. Mama yake akasema, "Wale watu wanasema kwamba kabla ya vyote Yeye alijaa kila mahali, hapakuwa na pa kuweka hata punje ya mchele. Basi akajivuta, akaacha patupu, na patupu hapo ndipo akaumba. Akamimina nuru yake katika vyombo, vyombo visiistahimili, vikavunjika. Sisi tunakaa katika vigae." Nikamuuliza kama anayaamini. "Siyaamini, lakini yananielea. Kama alijivuta, shoga yangu, basi mwanangu alifia pale pale alipojivuta. Aliita na hapakuwa na mtu." Astaghfirullah.

Nimeliwaza sana jambo lile, na kila nikiliwaza naliona katika nyumba zetu zote tuliorudi Omani kutoka Unguja. Wazee wetu waliiwekea Unguja nafasi kubwa sebuleni, hapana ruhusa kukaa mtu. Sisi watoto tulikula pembeni yake, tukaililia mitaa ambayo wengine wetu hatukupata kuiona. Kisha tukashangaa wana wetu wanapotujibu kwa Kiarabu. Wangetujibu kwa lugha gani, na sisi tulikuwa tukizungumza na waliokwisha kuondoka? Wale wa elimu ya siri walisema Muumba aliacha patupu ili apatikane mwengine wa kukaa. Sisi twaacha patupu ili asikae mtu. Nakiri kwamba sijui kama tunaweza kubadilika, nahisi tumechelewa.

Katika azaa, matanga ya mama yake, yule binti alikuja kukaa karibu yangu, kavaa nguo nyeusi, macho makavu. Alikataa kazi Maskati, akakataa na mchumba, ili asimwache mama yake peke yake. Alinibusu mkono, akanambia kwa kile Kiswahili chake cha kuchanganya: "Khaala, mama kasema Mungu kajivuta ili watu wapate nafasi. Wallahi mimi sijapata. Nyumba yote dada tu. Hata hospitali, siku ya mwisho, kaniita jina la dada. Kaita, kaita."

"Ukafanya nini, mwanangu?"

"Nikaitika abee. Akafurahi, khalas, akafa."

Nyote mliofiwa, lieni. Sina haki ya kumnyamazisha mtu. Lakini mwiteni aliye hai kwa jina lake, angali yupo wa kuitika.