Asubuhi Iliyomnyima Edwige Kibali

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umeziba madirisha ya jengo la ghorofa nne nyuma ya stesheni ya Castelmora. Edwige Nguimfack anashuka kinyumenyume akipiga deki, ngazi moja baada ya nyingine. Kila akifika kwenye mlango wa ghorofa anasimama, anatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa aproni, anasoma mistari mitatu, kisha anairudisha.

Mlango wa ghorofa ya pili unafunguka. Mama mmoja anatoka, mbwa mdogo kamkumbatia kwapani.

"Unasoma tena? Siku moja utanivunja kiuno na maji yako haya, profesa."

"Nimekausha, mama. Pita upande wa ukutani."

"Na huo mtihani lini?"

"Tarehe ishirini na tatu."

"Haya, ufaulu basi, ngazi zetu zipumzike na kemia."

Edwige anacheka mpaka mama yule anapotokomea kwenye ukungu. Halafu anakaa kwenye ngazi kavu, ndoo kati ya magoti. Hakumwambia kwamba ana barua ya polisi wa wageni, aliyoipokea tarehe tatu mwezi huu. Barua hiyo inamtaka awe ametoka Italia ifikapo tarehe kumi na nane.

Ana miaka ishirini na mitano. Alitoka Dschang, Kameruni, miaka mitatu na nusu iliyopita kuja kusomea ufamasia. Kwao wameshamfanya mfamasia tayari. Shangazi zake humtumia picha za paketi za dawa kwa simu, wakimuuliza hii inamezwa kabla ya kula au baada ya kula. Huwajibu wote, hata leo.

"Nikiacha kujibu watajua kuna kitu," anasema.

Mwanafunzi wa kigeni hapa huongezewa kibali mwaka hadi mwaka, na sharti linalowanyima wengi usingizi ni moja: kuanzia mwaka wa pili, lazima aonyeshe kwamba amefaulu mitihani isiyopungua miwili katika mwaka uliopita. Edwige alifaulu biokemia mwezi Juni. Kemia ya dawa alikuwa ameifeli mara mbili, Februari na Julai, na hafichi.

"Februari sikuwa nimesoma vizuri. Julai nilisoma, lakini niliogopa. Kwa Septemba nilikuwa tayari. Nilikuwa naota ile mifumo ya molekuli."

Mtihani wa Septemba, wa mdomo, ulipangwa tarehe kumi na nane, saa tatu na nusu asubuhi. Ulikuwa wa mwisho kabla kibali chake hakijaisha mwezi Oktoba.

Wakati huo Edwige alikuwa na kazi nyingine mbali na ngazi, ambazo siku hizo alizipiga deki jioni. Kila siku, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, alikuwa akimhudumia Bibi Argia Bonfatti, mjane wa miaka themanini na tisa anayeishi peke yake mtaa wa tatu kutoka stesheni. Alimwosha, alimvisha, alimchemshia maziwa na kahawa na kumlowekea mkate. Alilipwa euro sita kwa saa, mkononi, bila mkataba.

Aliyemwajiri ni mtoto wa bibi huyo, Ivano, mwenye duka la vipuri vya matrekta. Edwige anayakumbuka maneno yake ya siku ya kwanza.

"Mtu yeyote akikuuliza, wewe ni jirani tu. Umepita kumsalimia mama. Sawa?"

"Sawa, bwana Ivano."

Asubuhi ya mtihani alikuwa ameshavaa koti. Treni yake ilikuwa ya saa mbili kasoro dakika nane. Bibi Argia, aliyekuwa mezani, alimtania kama kawaida yake.

"Leo umejipaka manukato. Huyo profesa ni mzuri wa sura?"

"Ana miaka sabini, bibi."

"Ah! Kijana."

Edwige aliinama kufunga kamba za viatu mlangoni. Akasikia kiti kinaburuzwa, kisha kishindo.

Bibi alikuwa chini kando ya jiko, mguu umepinda vibaya. Hakupiga kelele. Edwige aliita gari la wagonjwa, kisha akampigia Ivano mara saba. Simu iliita tu. Wahudumu walipofika walijaribu kuubandua mkono wa bibi uliomng'ang'ania Edwige, wakashindwa.

"Wewe ni nani kwake?" aliuliza mmoja wao, kalamu mkononi.

"Jirani," alijibu Edwige.

Anaporudia neno hilo sasa, analitamka polepole.

"Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimelizoea. Hakuniuliza jina, na mimi sikumpa."

Alipanda naye garini. Hospitalini alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu ikapita. Saa nne na nusu, mwanafunzi mwenzake alimwandikia kwamba jina lake limeitwa mara mbili na limepigwa mstari. Ivano alifika saa tano na dakika kumi. Alimshukuru, akamshika bega, akasema hatasahau.

Namuuliza kama hakufikiria kuondoka bibi alipopokewa na madaktari.

"Nilifikiria. Alikuwa ananiuliza kila dakika, 'Bado upo?' Ningemjibu nini? Nina mtihani?"

Alimwandikia profesa, naye akamjibu kwa upole: mtihani unaofuata ni Januari. Mwezi Oktoba Edwige alituma kwa posta maombi yake ya kuongezewa kibali, na ndani aliweka cheti cha mtihani mmoja na barua ya kueleza yaliyotokea. Mwezi Desemba ofisi ya polisi wa wageni ilimjibu kwamba inakusudia kumkatalia, na kumpa siku kumi za kuleta ushahidi.

Alikwenda kwa Loredana Masiero, mama wa miaka hamsini na minane anayesaidia wageni kujaza fomu kwenye chumba kidogo cha chama cha wafanyakazi, karibu na soko. Loredana aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Sheria inasikiliza dharura, mwanangu. Lakini inataka karatasi. Ile ya hospitali inasemaje?"

Edwige alimpa nakala aliyoiomba hospitalini. Ilisema mgonjwa aliletwa saa mbili na robo, akisindikizwa na jirani. Jina la jirani halikuwepo.

"Jirani gani?"

"Mimi."

"Basi huyo mtoto wake aandike mistari minne. Kwamba ulikuwepo, na kwamba ulikuwepo kwa sababu ulikuwa kazini. Aweke sahihi. Tunamaliza."

Siku hiyohiyo Edwige alikwenda dukani kwa Ivano. Kulikuwa na mteja, akamsubiri aondoke.

"Nikiandika hivyo nimejifunga mwenyewe," Ivano alimwambia, akifuta mikono kwa tambara. "Wakaguzi wa kazi watakuja hapa kesho. Miezi kumi na minne bila mkataba! Unajua faini yake?"

"Andika tu kwamba nilikuwepo, bwana Ivano. Kazi usiitaje."

"Na wakiuliza mgeni anafanya nini jikoni kwa mama yangu saa moja asubuhi?"

"Utasema jirani."

"Unakaa upande wa pili wa reli, Edwige. Wataona anwani." Kisha akasema, bila kumtazama, "Nakuomba usirudi dukani."

Nilimpigia simu Ivano kabla ya kuandika habari hii. "Mama yangu alianguka, jirani akamsaidia," alisema. "Sina zaidi." Akakata.

Kati ya zile siku kumi za kuleta ushahidi, ilibaki moja. Bibi Argia alikuwa ameshahamishiwa nyumba ya kutunzia wazee nje ya mji, maana nyonga haikuunga vizuri. Nyumba yake ilifungwa, na kazi ya Edwige iliishia hapo. Loredana alikuwa amefikiria pia kumbadilishia kibali kiwe cha kazi, lakini ngazi zinampa saa kumi kwa wiki, euro mia tatu na arobaini kwa mwezi. Hazitoshi.

Edwige alikwenda na karatasi tupu na kalamu. Alimkuta bibi dirishani, shali mabegani.

"Umechelewa," bibi alimgombeza. "Maziwa yamepoa."

"Nisamehe, bibi. Unakumbuka siku ile ulipoanguka?"

"Nani kaanguka?"

"Wewe, bibi. Jikoni. Mwezi wa tisa."

"Mimi nianguke! Nimepalilia mpunga nikiwa na miaka kumi na minne, maji magotini, siku arobaini, sijateleza hata mara moja. Nani anasema nimeanguka? Ivano?"

Muuguzi aliyekuwa akitandika kitanda alitikisa kichwa taratibu. Edwige aliikunja karatasi. Alimchana bibi nywele, akamsuka kimkia kama alivyokuwa akimfanyia zamani, akaondoka kuwahi basi.

"Sikumkasirikia," anasema. "Aliniambia nina mikono ya baridi, nivae glavu."

Majibu yaliyokuja tarehe tatu Januari yana kurasa mbili. Yanasema maelezo ya mwombaji hayana uthibitisho.

Anaweza kukata rufaa mahakamani ndani ya siku sitini. Wakili aliyetafutwa na Loredana amekubali kuisoma kesi, lakini ameuliza swali lilelile: shahidi yuko wapi? Loredana anamshauri amripoti Ivano kwa wakaguzi. Edwige amekubali, na wameandika malalamiko pamoja Ijumaa iliyopita. Majibu huchukua miezi.

"Sina tumaini nayo sana," anakiri. "Nimeandika tu ili siku nyingine asimwambie mwingine awe jirani."

Mama yake huko Dschang bado hajui. Kila Jumapili humuuliza atavaa nini siku ya kuhitimu, na kila Jumapili Edwige hujibu kwamba bado anafikiria.

Mtihani wa tarehe ishirini na tatu uko palepale, na jina lake bado limo kwenye orodha ya chuo. Tatizo ni kwamba siku hiyo atakuwa ameipita kwa siku tano tarehe aliyotakiwa kuondoka. Loredana amemwonya asipande treni, kwa kuwa wakaguzi wa tiketi huita polisi mtu akikosa hati.

Kwa hiyo ameazima baiskeli. Kutoka Castelmora hadi chuoni ni kilomita thelathini na moja, barabara ya tambarare kando ya mfereji. Jumamosi alikwenda na kurudi kujipima. Kwenda kulimchukua saa mbili na dakika ishirini, na ukungu ukampotezea njia mara moja.

"Nitatoka saa kumi na moja alfajiri," anasema, akiinuka kumalizia ngazi za chini. "Niwe na muda wa kupumua kabla hawajaita jina langu. Baada ya hapo wafanye wanavyotaka. Lakini wakiniita, nataka niwe nimekaa pale."