Mkeka wa Kukimbilia

Mpaka leo nikisikia miguu ikigonga sakafu, pu-pu-pu-pu, nasimama kwanza, halafu ndipo nauliza ni nani. Sauti hiyo niliijua nikiwa msichana mdogo katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, upande wa Kapsoit, miaka ya tisini, wakati harufu ya majani yanayokaushwa ilikuwa imeingia hata kwenye blanketi zetu. Nyumba zilipangwa mstari mmoja, ndiyo maana tuliziita laini, na kati ya nyumba na nyumba palikuwa na ukuta wa mbao tu. Mama Akinyi, jirani yetu aliyetoka kule ziwani, akipiga chafya kwake, mama yangu alimwambia pole bila kuacha kusonga ugali. Siri haikukaa kwenye laini. Kila mtu alijua kwamba baba yangu, fundi wa mitambo pale kiwandani, alikuwa akimpiga mama.

Lakini kwa muda mrefu hakumpata vizuri. Baba alikuwa mnene, na mama alikuwa na miguu. Kabla ya kuolewa alikuwa akichuma chai, na akiona tu baba ameingia na ile midomo yake iliyofungwa, alitoka kwa mlango wa nyuma akazama shambani. Baba alimfuata mpaka kwenye choo, akasimama hapo ameshika kiuno, akihema na kutukana. Mama alikaa kule kwenye chai mpaka hasira ipoe, kisha akarudi kupakua chakula. Mimi nilidhani ndoa zote zinaendeshwa hivyo, mmoja anakimbia na mwingine anachoka.

Basi daktari wa zahanati akamwambia baba kwamba presha itamuua asipopunguza mwili. Wakati huohuo meneja mmoja Mzungu alikuwa anarudi kwao, akawagawia watu vitu vyake, na baba akaja nyumbani amebeba gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, pamoja na mkeka wa plastiki wenye miduara ya rangi. Ukikimbia papo hapo juu ya mkeka, kamtu kadogo kwenye televisheni nako kanakimbia, kanashindana na wengine. Baba aliona aibu kuonekana barabarani akitikisa kitambi, kwa hiyo alikimbia mlemle sebuleni, kila jioni akitoka kazini. Kogo, nyanya yangu aliyemzaa baba, aliupenda mchezo huo kuliko sisi sote. Alikaa kwenye stuli yake akikagombeza kale kamtu kama ng'ombe mvivu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwetu, ambacho hakijali kama ni d au ni t. "Gemu tamu leo, Kogo?" Mama Akinyi aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta. "Tamu! Tamu sana!" Kogo alijibu, na nyumba zote mbili zikacheka.

Baba akakonda. Suruali zake zikapelekwa kwa fundi kupunguzwa, na kanisani akasifiwa kwamba huyu ndiye mwanamume anayejitunza. Nasema wazi, nilizichukia sifa hizo. Wao hawakuwepo jioni ile mama alipotoka mbio kama kawaida na baba akamshika kabla hajafika chooni. Alimburuta kwa nguo mpaka ndani, akamgonganisha na mlango, na wala hakuwa akihema. Siku hiyo ndiyo nilielewa ule mkeka ulikuwa unafanya kazi gani nyumbani kwetu.

Kesho yake baba alipoenda kazini, mama alifunga leso kiunoni, akavua ndala, akapanda juu ya mkeka na mdomo wake uliovimba. "Chebet, washa," akaniambia. Akakimbia. Hakuitazama televisheni hata kidogo, macho yake yalikuwa kwenye mlango wa nyuma. Nikamwambia, "Mama, mtu wako anashindwa." Akasema, "Wacha ashindwe. Mimi sishindani na huyo." Ikawa ndiyo kazi yake ya kila siku, akishapeleka maziwa ya kuuza. Kogo alimtazama, hakumwambia mwanawe neno.

Jasho ndilo lililomsema. Jumamosi moja baba alirudi mchana, mapema kuliko kawaida, akawasha gemu akataka kukimbia kidogo, akaukuta mkeka umelowa na nyuma ya televisheni tayari pana joto. Alimwangalia mama miguuni. "Unajitayarisha kwenda wapi?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa. Baba akaenda akafunga komeo la mlango wa nyuma, akarudi akiwa amekunja ngumi. Pigo la kwanza lilimwangusha mama juu ya mkeka, na kale kamtu kakapiga hatua. Akainuka, akaangushwa tena, kakapiga hatua nyingine. Pigo lililompata jichoni lilipasua ngozi, damu ikatapakaa kwenye miduara ya njano, na kwenye televisheni kamtu kaliendelea mbele, kakianguka na kuinuka. Kogo alimshika baba shati, akasukumwa. Ndipo alipougeukia ukuta, akaita kwa Kiswahili kwa sababu jirani hakujua lugha yetu: "Mama Akinyi! Tamu! Tamu nyingi hapa!"

Kutoka upande wa pili kikaja kicheko. "Endeleeni tu, Kogo, nikimaliza kufua nakuja kuona."

Sitasahau uso wa Kogo. Hakuelewa kwa nini mtu anacheka damu. Mimi nilielewa, kwa maana mwalimu wetu alikuwa ametuchapa viganjani kwa ajili ya herufi hiyohiyo. Nilibandika mdomo wangu kwenye mbao nikapaza sauti kadiri nilivyoweza: "Ni damu, Mama Akinyi! Damu! Da!" Kicheko kikakatika. Nikasikia karai likianguka, kisha mlango wetu wa mbele ukaanza kugongwa na Mama Akinyi na bwanake. Baba aligeuka kutazama huko. Mama akavuta komeo la nyuma akatoka.

Baba alimfuata, na alikuwa mwepesi kweli, akapita choo bila kupunguza mwendo. Nikasema moyoni, leo anamuua. Lakini mkeka hauna miti ya chai. Mama aliingia kwenye chai kama wachumaji wanavyoingia, kiuno mbele, upande upande, mikono juu. Baba aliingia kifua mbele, moja kwa moja, kama kamtu kake. Alipofika kwenye sehemu iliyokuwa imepogolewa, mguu ukanaswa, akaanguka, na kisiki kimoja kikamchana paja. Alipiga yowe. Mama hakugeuka. Niliona mgongo wake, kisha kichwa, kisha chai tupu. Kaka zake walikuja kunichukua mimi na nguo zetu, na mama hakurudi tena katika laini ile.

Sasa ninaishi Kericho mjini, kwenye fleti. Siku hizi watu wanacheza dansi mbele ya televisheni zao ili wapungue, na wanasema ni salama kuliko barabarani. Mwezi uliopita mama alikuwa amekuja kunitembelea, na jicho lake moja lisiloona, tukasikia juu yetu pu-pu-pu-pu. Alisimama kabla yangu. Tulipanda ngazi tukagonga. Akafungua mwanamke kijana, jasho linamtiririka, nyuma yake televisheni ikionyesha watu wanaoruka. "Tunawasumbua? Pole sana, ni mazoezi tu."

Mama alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamkagua shavu hili na lile kwa jicho lake zima. "Endelea, mtoto wangu," akamwambia. "Fanya kila siku." Kisha akachungulia ndani, jikoni, vyumbani, akanigeukia.

"Chebet," akasema, "hizi nyumba hazina mlango wa nyuma?"