Mji wa Raundabauti Moja

"Huo si mji, ni boma la ng'ombe!"

"Ni makao makuu ya kaunti, bibie! Hata gavana anakaa pale."

Waliokuwa wakizozana ni mlinzi mmoja Mkenya na mchumba wake wa Mombasa, mpishi wa hoteli. Ijumaa ile walikuja kunywa chai hapa Doha kwenye mkahawa wa shangazi yangu, Najma, ninakomsaidia kuuza. Mlinzi alitaka wakimaliza mikataba yao wakaishi kwao, mji mdogo katikati ya tambarare. Bibie hakutaka hata kuusikia.

"Haya, kuna nini huko?"

"Kuna raundabauti."

"Inazungukwa na nani?"

Akajikuna kidevu. "Siku ya soko, ng'ombe. Gavana mwenyewe husubiri wapite."

"Kumbe trafiki ana pembe!" shangazi alidakia.

Tulicheka sote isipokuwa mlinzi. Akaanza kuhesabu benki na maghorofa kwa vidole, mpaka bibie akaushika ule mkono ukatulia.

"Wacha hayo. Nikiugua huko nawe uko kazini, nani atajua?"

"Mji mzima. Kabla hujapiga simu uji umeshafika, tena wa nyumba tatu."

Hapa Doha bibie anakaa ghorofa ya tisa, na jirani yake hamjui hata kwa sura. Nimesoma matangazo mengi ya nyumba za Lusail, mji mpya wa jirani. Yanaahidi bwawa na lifti. La uji sijaliona bado.

Bibie akachukua mkoba, akainuka bila kuaga. Mlangoni akamgeukia mchumba wake.

"Mama yako anapenda leso za rangi gani?"